Barua kwa mwanangu kabla hujalilipia hilo gari

Moshi, Novemba

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeipata kupitia kwa mdogo wako, marahaba. Hapa hatujambo. Kifua cha baba yako kimetulia, bibi anaulizia utakuja lini, kama kawaida yake. Picha za magari yote matatu, Toyota Altezza, Subaru WRX na Toyota Mark X, nimeziona. Na ile simu iliyokatika juzi, mtandao haukuwa na shida. Nilisikia neno turbo, wateja wa spea wamejaa dukani, nikaona bora niweke simu chini. Sasa nimetulia ndiyo maana naandika. Kwenye simu tunapandishiana sauti, na hili nataka ulisome hadi mwisho.

Sikukatazi, mama. Hilo lijue mapema. Umefanya kazi, umeweka akiba, hujakopa kwa mtu. Anayeamka saa tisa usiku kuwahi zamu uwanja wa ndege wa KIA ana haki ya kuendesha gari analolipenda, si lile analopangiwa na wengine. Nilipowaeleza wenzangu wa kikoba kwamba binti yangu ananunua gari kwa fedha yake mwenyewe, nilitembea nimenyoosha shingo wiki nzima. Ila kuna kitu kinaninyima usingizi, nacho ni matairi.

Wiki iliyopita kuna gari lilivutwa mpaka gereji ya jirani na duka. Lilipasuka tairi la nyuma wakati linateremkia daraja la Kikavu, likaacha barabara. Dereva kavunjika mkono, Mungu amemsaidia. Gari lenyewe zuri kweli, rangi mpya, rimu za spoti, ndani muziki mkubwa. Nikainama kuliangalia tairi la upande wa pili, lile lililobaki zima. Kashata, ile michoro ya juu ya tairi, ilikuwepo, ukitazama kwa juu ungesema bado lina miaka miwili ya kutembea. Lakini ubavuni lilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, zimezunguka tairi lote. Nikapangusa vumbi kwa ncha ya kanga, nikasoma zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT: 0914. Wiki ya tisa ya mwaka 2014. Mpira ulikuwa umekufa kitambo, umebaki na sura tu.

Wewe barabara hiyohiyo ya Moshi na Arusha utapita kila siku. Njiro mpaka KIA ni karibu kilomita 50, kwenda na kurudi ni 100, tena mara nyingine kabla hakujapambazuka. Kwa siku tano ni kilomita 500. Maana yake oili utamwaga kila baada ya miezi miwili na kitu, na matairi yatalika mbele ya macho yako. Ndiyo sababu nasema usichague gari kwa kuangalia bei ya kulinunua. Angalia kama mshahara wako utaweza kulivalisha matairi mapya manne, pedi za breki na shokapu bila kungoja mkopo. Gari la spoti ambalo mwenyewe hana uwezo wa kulinunulia matairi ni hatari kuliko daladala bovu, kwa sababu daladala bovu halikimbii.

Sasa nikuambie ninavyoyaona hayo magari kutoka nyuma ya kaunta.

Altezza umeiweka ya kwanza, najua kwa nini. Ina umbo, inakaa vizuri kwenye kona, na ile mita ya dashibodi yenye mita ndogo ndani yake kama saa ya mkononi hata mimi naipenda. Lakini ilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005. Iliyo changa kabisa imeshatimiza miaka ishirini. Ukiiagiza leo unalipa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote, na ukiinunua hapa unapokea gari lililopita mikono mingi ya vijana. RS200 ina injini ya silinda nne iliyochangamka, AS200 ina silinda sita na ni mvumilivu zaidi, na zote mbili zinatumia belti ya taimingi. Wenye Altezza wanaokuja kwangu, mara nyingi kinachowaleta ni alichokichezea mmiliki wa kabla yao. Springi zimekatwa ili gari lilale chini, egzosi imetobolewa ipige kelele, waya za taa zimeungwaungwa kwa selotepu. Fundi anakaa siku nzima anafuata waya mmoja. Halafu hicho kiti cha nyuma, bibi yako na goti lake ataingiaje? Wewe mwenyewe umesema unataka milango minne kwa ajili ya familia.

Hapo ndipo ninapokuomba uwe makini kuliko kitu kingine, ukiacha matairi. Katika magari ya spoti ya mtumba, tafuta lile ambalo halijachezewa. Likiwa na egzosi yake ya kiwandani, springi zake, filta yake ya hewa, rimu za saizi yake, hata kama rangi imepauka, lichukue hilo uliache linalong'aa. Na likitoka Japani usikubali maneno ya yadi peke yake, omba karatasi ya mnada. Gredi 4 ni gari zuri, 3.5 linavumilika, lakini ukiona R au RA ujue liligongwa likatengenezwa. Kilomita zilizoandikwa pale zilinganishe na za kwenye dashibodi. Zikiwa tofauti, shukuru, ondoka.

Subaru. Hapa baba yako anakuharibia. Tangu aone ile picha ya WRX ya bluu amekuwa kijana. Anamhadithia kila anayekuja kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, na Richard Burns akaishinda tena mwaka 2000 na Impreza. Ni kweli. Nikamwambia magari yale yalikuwa na kundi la mafundi linalosubiri na matairi mapya kila yanaposimama, mtoto wetu atakuwa peke yake Kikatiti saa kumi alfajiri. Akanyamaza, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Siidharau WRX. Hiyo ya 2005 uliyonitumia ina injini ya cc 1994 yenye farasi 250, na haina fujo kwenye lami iliyolowa kwa sababu inavuta kwa miguu yote minne. Injini imelala chini, silinda zimetazamana kushoto na kulia, uzito wa gari uko chini, kwa hiyo kona inaishika. Lakini belti yake ya taimingi inabadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika kabla hujaibadilisha, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Muuzaji amekuambia imebadilishwa. Amekuonyesha risiti? Fundi gani aliibadilisha, na puli zake na pampu ya maji je, zilibadilishwa pamoja? Turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, inataka oili safi na ya aina yake. Ukichelewesha oili kwenye gari la kawaida utaona gari limechoka, ukichelewesha kwenye turbo utaona moshi na bili.

Halafu matairi yake. Gari linalovuta kwa miguu minne, tairi moja likipasuka huwezi kuweka moja jipya pamoja na matatu yaliyolika. Mizunguko inatofautiana, zile diferensha zinazogawa nguvu kwenye matairi zinahangaika muda wote mpaka zinapata joto na kuharibika. Kwa hiyo mara nyingi utanunua manne kwa mpigo. Na saizi yake ni ya ubavu mfupi, ya rimu 17. Shimo moja pale baada ya matuta ya Maji ya Chai, rimu imepinda. Nimewauliza watu wa matairi wa hapa Moshi, hiyo saizi wanaagiza, hawaiweki. Nini kitatokea ukikosa? Utakwenda kwa wale wa matairi ya mtumba, watakuuzia lililopakwa dawa ya kung'arisha, na utaliamini kwa sababu una haraka ya zamu. Nakujua.

Mark X ndiyo ningeikubali haraka kama ungekuwa unaishi na kufanya kazi Arusha tu. Ile ya 2010 ina V6 ya cc 2500, cheni badala ya belti, kiti cha nyuma kina nafasi, na spea hazisumbui kwa sababu inashirikiana nyingi na Crown. Ikitoka Tengeru njia nne zinapoishia, unalipita lori la mchanga bila kushika roho mkononi. Ila injini iliyozidi cc 2000 inatozwa ushuru wa bidhaa mkubwa zaidi wakati wa kuagiza, na kwenye mafuta ukiendesha kwa adabu utapata kilomita tisa au kumi kwa lita. Kwa safari yako ni lita 50 mpaka 56 kila wiki. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya ya mafuta, utakuwa wa kwanza kuisubiri. Na inasukuma kwa miguu ya nyuma. Wewe nyumbani ni Kibosho, mama. Mwezi wa nne, ule udongo mwekundu ukishalowa, Mark X itabaki chini kwenye kona ya kanisa na wewe utapanda kwa miguu umebeba viatu.

Kwa hiyo nimekaa na fundi wangu, yule mzee ambaye ukimpelekea gari hasemi mpaka amelizunguka, tukafikiria gari la nne ambalo hukuliweka. Impreza G4, ile yenye buti, ya kuanzia mwisho wa 2011, injini ya cc 2000 isiyo na turbo. Ina farasi 150. Najua umeshakunja uso. Lakini ukichagua ile inayovuta kwa miguu yote minne, inashika kama kaka yake WRX, injini imelala chini vilevile, inatumia cheni, hakuna belti ya kukukatikia Usa River. Iko ndani ya cc 2000 kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni mdogo. Milango yake ya nyuma inafunguka kwa upana, na matairi ya 205/55 ya rimu 16 yanapatikana karibu kila duka la matairi Arusha na Moshi, mapya, ya bei unayoiweza. Ndicho kilichonivuta kuliko vyote. Angalizo lake ni gea boksi, ambayo ni CVT, ile ya otomatiki isiyo na gea za hatua. Oili yake ni yake, ya CVT ya Subaru, usiruhusu fundi yeyote aiwekee ATF, oili ya gea boksi za otomatiki za kawaida, akikuambia zote ni sawa. Si sawa. Nimewaona waliolia.

Haitatoa ule mlio. Lakini kwa barabara yako mlio hauna pa kwenda. Usa River mwisho ni kilomita 50 kwa saa, Kikatiti ni 50, ukija nyumbani Boma ni 50, na tochi za trafiki zinakungoja chini ya miti. Kosa moja faini 30,000. Kati ya hapo na hapo kuna malori, bodaboda wasio na taa, na ng'ombe wanaovuka alfajiri. Unachohitaji ni gari linalosimama pale unapokanyaga breki, linaloshika kona na kukutii usukanini. Kwangu mimi hiyo ndiyo spoti.

Ukiamua WRX pamoja na yote haya, ni fedha yako. Nitakasirika siku mbili kisha nitakuletea plagi. Lakini weka pembeni fedha ya belti na ya matairi manne kabla hujalipa, usiseme utaanza kuyatafuta mshahara ujao.

Kuhusu kwenda kuliona gari: nimesikia kwa kaka yako kwamba Jumamosi ulikwenda peke yako. Kwa nini? Mjomba wako yuko Sakina hapo, angekusindikiza. Wauzaji wakiona msichana peke yake wanaongea na kioo. Safari nyingine nenda na fundi, mwende asubuhi injini ikiwa ya baridi, maana ikishapashwa moto kabla hujafika inaficha mengi. Wapime kwa mashine mbele yako. Fedha usimpe mtu mkononi. Mwende TRA pamoja, kadi ibadilishwe jina, na uangalie kwanza kama gari lina deni la faini, lisije likakuangukia wewe. Na bima ukate kubwa. Ile ndogo inamlipa uliyemgonga, gari lako linabaki kuwa shida yako.

Sasa matairi, nisikilize mara ya mwisho, ingawa najua si ya mwisho. Gari likiletwa mbele yako, kabla hujafungua mlango, zunguka usome zile tarakimu nne kwenye kila tairi. Wakati mwingine zimekaa upande wa ndani, lala chini uzisome, nguo zinafuliwa. Yaliyozidi miaka sita hesabu kwamba huna matairi, punguza kwenye bei. Ndani ya mifereji ya kashata kuna vinundu vidogo, kimo chake milimita 1.6. Kashata ikifika usawa wake, tairi limekwisha hata kama muuzaji anaapa. Na gari likiwa limetoka mikoa ya theluji ya Japani, kama Hokkaido, linaweza kuja na matairi ya theluji. Utaona neno STUDLESS ubavuni na kashata imechanwachanwa mistari midogo mingi. Mpira wake ni laini, ulitengenezwa kwa ajili ya baridi. Huko uwanda wa KIA saa nane mchana lami inawaka, sitaki mwanangu akimbie juu ya mpira huo hata siku moja.

Fungua na buti. Lile tairi jembamba la akiba mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, ni la kukufikisha kwa fundi tu. Magari mengine hayana kabisa, yana chupa ya dawa na pampu. Kama halina, tutatafuta. Upepo pima asubuhi kabla hujatoka, tairi likiwa la baridi, kiwango kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usimwachie kijana wa sheli akisie kwa kulipiga teke.

Nyumbani mambo yanakwenda. Mbuni umezaa vizuri upande wa juu, wa chini migomba imeufunika, nimemwambia baba yako aipunguze anasema atapunguza baada ya Noeli. Ng'ombe amezaa ndama jike. Bati la jikoni bado linavuja palepale, fundi amekula nusu ya fedha na simu hapokei. Mdogo wako amefaulu mtihani wa nusu muhula ila Hisabati imemtupa, ukija ukae naye, wewe anakusikiliza. Mchango wa harusi ya mtoto wa shangazi nimekuandikia elfu hamsini, usinigeuke.

Bibi ana kliniki KCMC mwezi wa kwanza. Nilikuwa nakodi bajaji mpaka barabarani kisha teksi, na anarudi mgongo umemuuma. Kwa hiyo ukilijaribu gari, kaa kiti cha nyuma wewe mwenyewe, uone goti lina nafasi na kizingiti cha mlango si kirefu. Hilo yadi hawatakufundisha.

Ukija Noeli pitia soko la Kilombero uchukue gunia la vitunguu vya Mang'ola, hapa bei imepanda. Njoo mchana. Desemba ile barabara inajaa watu wa kutoka Dar na Nairobi wanaowahi nyumbani, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake, na usiku wanawashiana taa kubwa machoni. Ukimaliza zamu ya usiku, lala kwanza, mbege itakungoja.

Fedha ya matairi mawili nitakutumia mwisho wa mwezi, nikishalipwa na wale wa magari ya watalii wanaoniomba muda wa kulipa tangu Septemba. Mawili utanunua mwenyewe. Ukishayanunua yawe ya aina moja yote manne, na risiti ipige picha unitumie pamoja na zile tarakimu. Baba yako anakusalimu sana, anasema umuulize muuzaji kama WRX ina gea za mkono. Usimjibu.

Mama yako